JPEG, PNG, HEIC au PDF: fomati ipi kwa kazi ipi?

Mbele yangu kwenye skrini kuna faili mbili zilizotokana na karatasi moja. Karatasi yenyewe ni diploma ya Serikali ya kijana anayeomba kazi kwenye migodi ya upande wa Kolwezi. Niliipitisha kwenye skana mara moja tu, kwa rangi, kwa nukta 200 kwa kila inchi, kisha nikaihifadhi mara mbili: kwanza kwa jina la diploma.jpg, ambayo ina kilobaiti 620, halafu kwa jina la diploma.png, ambayo imezidi megabaiti 6. Zikiwa zimejaa skrini, hata jicho lililozoea kazi hii halizitofautishi. Lakini nikiukuza muhuri mara nne, katika ile ya kwanza ninaona vumbi la kijivu pembezoni mwa kila herufi, vumbi ambalo halipo kwenye karatasi, na sehemu nyeupe iliyo kati ya herufi mbili imekatikakatika kuwa viraba vidogo. Katika ile ya pili, wino wa zambarau unaishia pale pale unapoishia kwenye karatasi.

Nilimpa kijana zote mbili. Ya kwanza aitume, kwa sababu fomu ya maombi inakataa faili yoyote inayozidi megabaiti 2. Ya pili aitunze, kwa sababu ndiyo atakayoirudia kila atakapohitaji nakala nyingine. Ninafanya kazi katika sekretariati iliyo kando ya barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi, na karibu kila siku ninaulizwa ni fomati ipi iliyo bora kuliko nyingine zote. Swali hilo halijibiki mpaka mtu aseme picha yake inakwenda kufanya kazi gani: kutumwa, kuchapishwa, kuwekwa juu ya kitu kingine, au kutunzwa kwa miaka mingi. Nitazilinganisha hapa kwa kufuata kazi hizo, na nitakaa zaidi kwenye zile zinazowasumbua watu kila siku.

Kiendelezi si fomati

Kiendelezi ni zile herufi tatu au nne zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili. Hapa kwetu wengi wanakiita kwa Kifaransa, "extension". Kazi yake ni kuijulisha kompyuta ni programu gani ifungue faili hiyo. Fomati ni jambo jingine: ni jinsi data zenyewe zilivyopangwa ndani. Ukiandika neno "sukari" juu ya gunia la unga wa mahindi, kitakachotoka kwenye sufuria bado ni bukari. Vivyo hivyo, ukilibadilisha jina la picha.heic liwe picha.jpg, umebadilisha maandishi ya juu ya gunia tu.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana nimeona likimkosesha mtu nafasi. Dada mmoja alipiga picha za hati zake kwa iPhone, fomu ikazikataa kwa sababu majina yaliishia na .heic, na kaka yake akambadilishia majina moja baada ya jingine. Fomu ikazipokea, maana ilikagua majina tu. Siku chache baadaye alijibiwa kwamba viambatisho vyake havifunguki, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imekwisha kupita. Alinijia akisema, "Yaya, kwenye simu yangu picha ziko nzuri, kwao ndiko zinakataa." Picha zilikuwa nzuri kweli. Kilichokosekana ni dakika mbili za kuzifungua katika programu ya picha na kuzihifadhi upya kama JPEG.

Anayetaka kujua ukweli wa faili bila kulitegemea jina lake anaweza kuifungua kwa Bloc-notes, ile programu ndogo ya maandishi ya Windows. Atakutana na alama nyingi zisizosomeka, lakini asitishike. Atazame mwanzo tu. Faili ya PNG itaonyesha herufi PNG baada ya alama moja. Ya GIF itaanza na GIF87a au GIF89a. Ya BMP itaanza na BM. Ya PDF itaanza na %PDF. Katika JPEG ataona neno JFIF au Exif karibu kabisa na mwanzo, katika WebP ataona RIFF kisha WEBP, na katika picha za iPhone ataona ftypheic. Akimaliza, afunge bila kuhifadhi chochote, kwa sababu Bloc-notes ikiihifadhi picha itaiharibu.

Zipo pia tofauti za majina ambazo hazina maana yoyote ndani ya faili. Kiendelezi cha .jpg na cha .jpeg ni kitu kimoja: mfumo wa zamani wa MS-DOS uliruhusu herufi nane za jina na tatu za kiendelezi, ndiyo sababu herufi moja iliachwa. Ndivyo ilivyo pia kwa .tif na .tiff. Hata ile .jfif ambayo huwashangaza wanaopakua picha kutoka kwenye mtandao ni JPEG ya kawaida, na hapo, tofauti na yaliyompata yule dada, kubadilisha jina kuwa .jpg kunatosha kabisa.

Kwa kawaida Windows huvificha viendelezi inavyovifahamu, na mimi naliona jambo hilo kuwa la hatari katika mji ambao flash disk moja hupita kwenye kompyuta kadhaa kwa siku moja. Faili inayoitwa harusi.jpg.exe itaonekana kama harusi.jpg, pengine ikiwa na alama ya picha, kumbe ni programu itakayoanza kazi yake pindi utakapoibofya. Mwezi wa Mei mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa hila hiyo hiyo: kiambatisho kilisomeka kama barua inayoishia na .TXT, huku kiendelezi cha kweli, .vbs, kikiwa kimefichwa. Kwa hiyo, katika Windows ya Kifaransa, fungua dirisha la faili, tafuta mahali pa mipangilio ya kuonyesha, na utie alama kwenye "Extensions de noms de fichiers". Ni jambo la kwanza ninalolifanya kwenye kompyuta yoyote ninayokabidhiwa.

JPEG na PNG

JPEG ilichukua jina la kamati iliyoiunda, Joint Photographic Experts Group, iliyoanza mwaka 1986 na kutoa kanuni yake mwaka 1992. Ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera, na nguvu yake inatokana na kuyafahamu mapungufu ya jicho la binadamu. Kwa kuwa jicho hutambua mabadiliko ya mwanga upesi kuliko mabadiliko ya rangi, JPEG hutenganisha mwanga na rangi, na mara nyingi hupunguza undani wa rangi. Kisha huikata picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 (pikseli ni zile nukta ndogo zinazoiunda picha), na ndani ya kila kiraba hutupa yale mabadiliko madogo madogo ambayo jicho lisingeyaona. Chukua picha ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kilicho karibu nalo. Anga la nyuma na mteremko wa kilima hubadilika polepole kutoka pikseli moja hadi nyingine, na hapo JPEG inaweza kutupa mengi bila mtu kujua. Lakini kwenye ukingo wa bomba, mahali giza linapokutana ghafla na mwanga wa anga, kiraba kimoja kinalazimika kubeba vyote viwili, na ndipo ukungu unapojitokeza. Herufi za muhuri ni kingo za namna hiyo tupu, zimepangana moja baada ya nyingine. Lile vumbi kwenye diploma limetoka huko.

PNG haitupi kitu. Inatafuta marudio: mstari wenye pikseli 500 nyeupe zinazofuatana hauandikwi pikseli kwa pikseli, unaandikwa kwa ufupi kwamba weupe huu urudiwe, na faili inapofunguliwa kila pikseli inarudi mahali pake. Mbinu yake ya kubana ndiyo inayotumika ndani ya faili za ZIP. Kwa sababu hiyo PNG inapatana na picha zenye marudio mengi, kama vile ujumbe wa malipo ulionaswa kutoka kwenye skrini ya simu, ratiba ya mitihani, mchoro wa mashine au nembo ya kanisa. Picha ya kamera haina marudio hayo. Hata ukuta uliopakwa chokaa leo, ukiutazama pikseli kwa pikseli, ni mchanganyiko wa weupe wa kila namna.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kila pikseli huchukua baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kabla ya kubanwa, basi, ina megabaiti 36. JPEG nzuri huishusha hadi megabaiti 3 au 5, ilhali PNG ya picha hiyo hiyo mara nyingi hupita 15. Anayenunua intaneti kwa mega anajua tofauti hiyo ina bei gani. Ugeuze mfano huo, na hukumu inageuka pia: kwa picha ya skrini yenye maandishi meusi juu ya weupe, PNG mara nyingi huwa ndogo kuliko JPEG na pia safi kuliko JPEG, na hapo sioni sababu yoyote ya kutumia JPEG.

Wengi huamini kwamba JPEG huchakaa kila inaponakiliwa. Sivyo. Kuihamishia kwenye flash disk, kuituma kwa Bluetooth, kuifungua na kuifunga mara mia, hakuondoi hata baiti moja. Kinachoichakaza ni kuibadilisha na kuihifadhi upya, kwa sababu kila kuhifadhi ni kubana upya, na kila kubana ni kutupa tena. Mtu aliyekata pembe za picha leo, akaongeza mwanga kesho, na keshokutwa akaandika jina juu yake, amekwisha kuibana mara tatu juu ya ule mbano wa kwanza wa kamera. Katika kazi kama hiyo, hatua za katikati zihifadhiwe kwa PNG au kwa fomati ya programu yenyewe, kama PSD ya Photoshop, na JPEG itolewe mwishoni kabisa. Programu ikiniuliza kiwango cha ubora, mimi huchagua kati ya 85 na 90. Ifahamike kwamba namba hiyo haihesabu asilimia ya picha iliyobaki, na 85 ya programu moja si lazima ilingane na 85 ya nyingine. Njia ya kuaminika ni kukuza sehemu yenye maandishi au nywele na kuitazama kwa macho yako.

Kuna jambo moja ambalo JPEG hailiwezi hata kwa ubora wa 100: haiwezi kuwa na sehemu isiyo na kitu. Kwaya moja ya Katuba ilituletea nembo yake katika JPEG ili iwekwe kwenye fulana za buluu, nayo ikatokea ndani ya sanduku jeupe, kwa sababu kwa JPEG weupe ule ni rangi kama rangi nyingine. PNG inaweza kubeba, kwa kila pikseli, daraja la kupitisha kile kilicho chini yake, kuanzia 0 hadi 255, hivyo nembo hukaa juu ya buluu bila sanduku, na kivuli chake chepesi huiacha buluu ionekane kidogo. Kuibadilisha JPEG kuwa PNG hakuliondoi sanduku lenyewe. Lazima mtu aufute weupe huo kwa mkono au kwa programu, halafu ndipo aihifadhi kama PNG.

HEIC na JPEG kwenye simu

Tangu iOS 11, ya mwaka 2017, iPhone nyingi hupiga picha kwa HEIC, ambayo imejengwa juu ya kanuni ya HEIF iliyokamilishwa mwaka 2015 na hutumia mbinu za kubana za video ya HEVC. Kwa ubora unaokaribiana, HEIC huchukua karibu nusu ya nafasi ya JPEG. Kwa mwenye simu iliyojaa, hiyo ni faida ya kweli, na picha za familia ambazo hazitoki kwenye simu zinaweza kubaki hivyo bila hasara.

Taabu huanza picha inapotoka. Kompyuta nyingi za Windows zinahitaji kuongezewa visaidizi ndipo ziifungue HEIC, kimojawapo cha kulipia, na fomu nyingi za ofisi haziijui kabisa. Ushauri wangu kwa anayetafuta kazi au masomo ni kwenda kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, sehemu ya fomati, na kuchagua ile inayopatana na vifaa vingi. Kuanzia hapo simu itapiga JPEG. Picha za zamani hazitabadilika, hivyo zile zinazohitajika zibadilishwe moja moja kabla ya kutumwa. Atakaporudi kwenye mambo yake ya nyumbani, anaweza kuirudisha HEIC.

WebP na GIF

WebP ilitolewa na Google mwaka 2010. Inaweza kubana kwa kutupa kama JPEG au bila kutupa kama PNG, inaweza kuwa na sehemu tupu, na inaweza kuchezesha picha. Stika za WhatsApp ni WebP. Kwa anayejenga tovuti, naona ndiyo ya kuchagua kwanza, maana kurasa hufunguka upesi hata intaneti ikiwa dhaifu. Kwa uchapishaji haifai, kwa kuwa programu nyingi za zamani katika karakana zetu hazijui kuifungua. Ifungue kwenye kompyuta na uihifadhi kama PNG au JPEG kabla ya kwenda. AVIF, iliyokuja mwaka 2019, hubana zaidi, lakini sijaona mteja hata mmoja aliyeihitaji.

GIF ni ya mwaka 1987, kutoka kampuni ya CompuServe, na haiwezi kuwa na rangi zaidi ya 256 katika fremu moja. Mwishoni mwa 1994 kulizuka mgogoro wa malipo ya hataza ya mbinu yake ya kubana, LZW, na PNG ilizaliwa kutokana na mgogoro huo: ilianza kubuniwa mwaka 1995 na kupitishwa mwaka 1996 na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti. Leo GIF imebaki na kazi ya vichekesho vinavyochezacheza. Picha ya uso wa mtu katika GIF hutokeza mabaka kwenye mashavu, usiitumie.

Picha au PDF kwa hati

PDF, iliyoletwa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kanuni ya kimataifa ya ISO mwaka 2008, si fomati ya picha. Ni bahasha: ndani yake mnaweza kuwa na herufi, michoro, au JPEG kadhaa zilizopangwa ukurasa kwa ukurasa. Mwombaji anayetuma diploma, matokeo ya masomo, kadi ya mpiga kura na barua kama JPEG sita anampa mpokeaji faili sita zenye majina kama IMG_2041, ambazo anaweza kuzifungua kwa mpangilio usio sahihi au kuipoteza moja. Akizitia katika PDF moja, mpangilio unabaki ule aliouchagua, kila ukurasa una kipimo chake cha karatasi, na ofisini zinachapwa kwa mara moja. Kwa hati zenye zaidi ya ukurasa mmoja sina shaka yoyote: PDF.

Shaka iko katika namna ya kuitengeneza. Mara nyingi mtu anakuja na wasifu wake ulioandikwa katika Word, anaomba uchapwe, kisha anaomba karatasi hiyo ipitishwe kwenye skana ili apate PDF. Anapata PDF yenye picha ya maandishi: nzito, yenye ukungu, ambayo mwajiri hawezi kutafuta neno ndani yake. Wasifu huo huo ukihifadhiwa kuwa PDF moja kwa moja kutoka Word huwa na uzito mdogo sana, na herufi zake hubaki kali hata zikikuzwa mara kumi. Anayetaka kutia sahihi atie kwenye skana ukurasa wenye sahihi peke yake na kuacha kurasa nyingine kama zilivyo.

Kwa karatasi ambayo lazima ipite kwenye skana, kuna uchaguzi kati ya rangi na nyeusi-na-nyeupe. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi, hiyo ni megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa nyeusi-na-nyeupe tupu, ambapo kila pikseli inahitaji biti moja tu, yaani sehemu ya nane ya baiti, ni megabaiti 1 na kidogo, na ikibanwa hushuka hadi makumi machache ya kilobaiti. Kwa kurasa za kitabu au mkataba mrefu, nyeusi-na-nyeupe inashinda mbali. Kwa diploma na cheti cha kuzaliwa nachagua rangi, hata kama ni kwa nukta 200 tu, kwa sababu muhuri wa zambarau ukigeuka mweusi hati hufanana na fotokopi, na nimeona zikirudishwa kwa sababu hiyo.

Kabla ya kwenda kwa mchapishaji

Swali la kwanza kwa mchapishaji ni pikseli ngapi, halafu ndipo lije la fomati. Picha ya sentimita 10 kwa 15, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1181 kwa 1772; ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji 413 kwa 531. Picha yenye pikseli chache haitaongezeka undani kwa kuhifadhiwa kama PNG au TIFF. Uzito wake tu ndio utakaoongezeka. Picha iliyotumwa na WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa na kubanwa upya, kwa hiyo inayokwenda kuchapwa itumwe kama dokumenti, nayo itafika kama ilivyoondoka. Hapo pana tahadhari moja: ikitumwa hivyo, inabaki na maelezo ya ndani yaliyowekwa na kamera, ambayo yanaweza kutaja saa na hata mahali ilipopigwa. Kwa picha ya fulana si neno. Kwa picha ya watoto mbele ya nyumba yenu, fikiri kwanza unamtumia nani.

Nembo na mabango yana hukumu yake. JPEG na PNG zote mbili ni mkusanyiko wa pikseli, na pikseli zikikuzwa hadi bango la mita 3 zinaonekana kama matofali. SVG, iliyopitishwa na W3C mwaka 2001, pamoja na AI ya Illustrator na CDR ya CorelDRAW, huhifadhi mistari na mipindo kama maelezo ya kihesabu, hivyo nembo ile ile inafaa kwenye kadi ya mfukoni na kwenye bango la ukutani. Unapomlipa mchoraji wa nembo, mdai faili hiyo pamoja na PNG. Vikundi vingi vinabaki na JPEG iliyopitia simu tano, na kila bango jipya linakuwa gharama ya kuichora nembo upya.

Picha za kutunza

Mpiga picha wa harusi anachagua kati ya JPEG ya kamera na RAW, yaani data ghafi za kamera, ambayo hubeba jina tofauti kwa kila kampuni: CR2 au CR3 kwa Canon, NEF kwa Nikon, ARW kwa Sony. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina 4096, na ya biti 14 ina 16384. Tofauti hiyo inaonekana hapa kwetu kuliko mahali pengi, kwa sababu jua la saa sita la Lubumbashi likipiga gauni jeupe la bibi harusi, uso wake mweusi huachwa gizani. Katika RAW uso unaweza kurudishwa nuru na ngozi ikabaki na rangi yake ya kweli, na katika JPEG hutokea kijivu chenye chembechembe. Gharama yake ni nafasi: picha 800 za megabaiti 25 ni gigabaiti 20. Kwa harusi ningezilipa gigabaiti hizo. Kwa mkutano wa ukumbini wenye taa nzuri, JPEG inatosha.

Na kuna picha za wazee wetu, zile ndogo nyeusi-na-nyeupe zenye kingo zilizokatwa kwa mawimbi, zilizopigwa kwenye kambi za wafanyakazi enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, kabla Gécamines haijakuwapo. Hizo huwa nazikataza JPEG kama fomati ya kwanza. Nazihifadhi kwa TIFF, fomati ya mwaka 1986 ambayo maktaba na nyaraka za kumbukumbu bado zinaitumia, kwa sababu haina haja ya kutupa chochote na inakubali biti 16. Picha ya sentimita 9 kwa 13, kwa nukta 600 kwa inchi, ina pikseli 2126 kwa 3071: megabaiti 6 na nusu kwa kijivu cha biti 8, mara mbili yake kwa biti 16. PNG ingefaa pia, nayo huwa nyepesi zaidi. Kutoka hapo toa JPEG ndogo ya kuwatumia ndugu walioko Likasi au Kinshasa, na ile TIFF uiweke mahali pawili tofauti. Usisahau kuigeuza picha na kuupitisha mgongo wake pia kwenye skana, kwa rangi, kwa sababu majina na tarehe mara nyingi viliandikwa huko kwa kalamu. Faili hiyo uipe jina lile lile la picha, ukiongeza neno "nyuma" kabla ya nukta.